Aliyeonja Kwanza

Mama yangu, Bilhah Nyambeki, hakuwahi kumpa mtu chakula kabla ya kukionja mbele yake. Alichota kwa mwiko, akaweka kidogo kiganjani, akalamba, akameza, ndipo akamgeukia mgeni na kusema karibu. Sisi Abagusii, yaani Wakisii, tumelelewa hivyo, na majirani zetu Wakipsigis vilevile. Mwenye nyumba akikuletea kibuyu cha maziwa bila yeye kunywa funda la kwanza, una haki ya kukitazama hicho kibuyu tena kabla ya kukipokea.

Alizaliwa upande wa Nyamira, akaletwa Kericho na baba yangu, Mochama, aliyekuwa akichuma chai katika shamba moja kubwa. Walichuma wote wawili mpaka baba akafariki. Baadaye mashine zilianza kufanya kazi ya mikono ya watu, na mama akahamia Kimulot, karibu na msitu, akajenga nyumba ya mabati kando ya boma la Joan, mjane kama yeye. Vidole vyake vilibaki na weusi wa majani ya chai hata baada ya kuacha kuchuma. Kwa vidole hivyo alipika katika harusi na matanga ya eneo letu, ya Wakisii na ya Wakipsigis, na watu walisema sherehe isiyo na sufuria ya Mama Mongina ni mkutano tu. Mongina ni mimi.

Tulipomzika mwezi wa tatu mwaka huu, wasifu wake ulisomwa kanisani: kuzaliwa, ndoa, wokovu, kazi, ugonjwa wa moyo, kifo. Juma moja la maisha yake halikusomwa. Wengi waliokuwa wamekaa kwenye viti wanalijua juma hilo, na ninaamini wengine walikuwa wanaomba lisitajwe. Ninaliandika hapa kwa sababu mama aliliishi, na mimi nililiishi pamoja naye, na Mungu alilishuhudia.

Kanisa letu lilipata wageni kutoka Uholanzi, watu sita waliokuja kupaka rangi darasa la watoto wa Jumapili. Mkubwa wao alikuwa mama mzee aliyeitwa Marijke, mwembamba, mwenye kicheko cha mtu aliyezoea wajukuu. Siku ya tatu tangu wafike ilikuwa Jumapili, na mama alipewa kazi ya kuwapikia chakula cha mchana. Jiko la kanisa lilikuwa linavuja, kwa hiyo alipika kwetu.

Alijipanga kwa moyo wote. Aliambiwa wageni wasinywe maji ambayo hayajachemshwa, naye akachemsha na kujaza chupa za chai. Lakini alikuwa pia amesikia kwamba wazungu hupenda vitu vibichi na vya baridi, na hakutaka waseme wameshindiliwa ugali tu. Akakata kachumbari, beseni zima, kabichi mbichi na nyanya na dania, akavisuuza kwa maji ya chemchemi iliyo chini ya mashamba ya chai. Akakamua pasheni, akaongeza maji ya chemchemi hiyohiyo ili sharubati iwe baridi. Maji yale tuliyaona kuwa baraka. Yalikuwa meupe, matamu, hayakauki kiangazi. Hatukuwahi kujiuliza mengi juu yake, maana katika nchi ya chai mtu akisikia kiu hunywa chai, na chai imechemka. Na wakati ule mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri, ikiteremsha kila kilicho juu ya kilima, mavi ya ng'ombe na ya vyoo vya mashimo, kuelekea bondeni. Haya ninayajua sasa.

Wageni walichelewa kwa sababu ya matope. Chakula kilikaa mezani chini ya vitambaa, na nzi wakakaa nacho. Walipofika, mama alisimama mbele yao wote, akaonja nyama, akaonja kachumbari, akajimiminia sharubati nusu kikombe na kuimaliza.

Kiptanui, mtoto wa Joan, alikuwa ameketi na wageni. Alikuwa amerudi siku chache kabla kutoka Doha, alikolinda mlango wa hoteli kwa miaka mingi, na alikuwa na maneno mengi.

"Mama Mongina, ukionja hivyo wageni watabakiwa na nini?" akamwambia. "Kule Doha mpishi akimaliza kikombe anafutwa kazi."

"Kule Doha mpishi ni mwanaume," mama akamjibu. "Ndiyo maana umerudi umekonda."

Watu walicheka. Marijke aliomba aelezwe, akaelezwa, akacheka pia, akaongeza kachumbari. Wenyeji walikula chakula kilekile, watu wa kwaya, mashemasi, watoto, na mimi. Noah, shemasi aliyesimamia ujenzi, alirudia mara ya pili.

Jumatatu jioni habari zilitufikia kwamba wageni wanahara. Mama alituma chai ya tangawizi. Jumanne asubuhi, watano kati ya sita hawakuweza kutoka vitandani, na Marijke hakuweza hata kukaa. Alikuwa anatapika na kuhara maji matupu. Macho yake yaliingia ndani na ngozi ya mkono ikivutwa ilibaki imesimama. Wakampeleka hospitali. Mchana ule tukasikia Kiptanui pia amelala kwa mama yake, tumbo limemshika.

Hapo ndipo swali lilipoanza. Sijui nani aliliuliza kwanza. Nililisikia dukani, kisha chemchemini, na mwishowe likafika nyumbani kwetu kwa miguu yake, kwa sura ya shemasi Noah na wanaume wengine wa kanisa. Mchungaji wetu alikuwa Nairobi kwenye mkutano. Noah hakuwa mtu mbaya. Alisimama uani kofia mkononi, akauliza kwa adabu.

"Dada Bilhah, tulikula pamoja sisi wote. Kama ni chakula, mbona mimi sikuugua? Mbona watoto hawakuugua? Ni wageni na Kiptanui peke yao. Kuna kitu kilichagua."

Mama alijua kabla yangu mahali ambapo swali hilo linakwenda. Alipokuwa msichana, shangazi yake aliambiwa ameroga mtoto wa jirani, na nyumba yake ilichomwa mchana, watu wakitazama. Mama alikuwa miongoni mwa waliotazama. Hakuwahi kutuambia kama shangazi alitoka ndani ya nyumba ile. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza, akanituma nikalete kuni.

Basi alifanya jambo moja ambalo alidhani litammaliza Noah maneno. Alirudi jikoni, akaleta mtungi wa sharubati iliyobaki tangu Jumapili, na bakuli la kachumbari ambayo ilikuwa imeanza kunyauka. Akaketi navyo hapo uani, akala na kunywa mbele yao mpaka vikaisha. Kisha akajifuta mdomo kwa leso.

"Haya. Kama nimeweka kitu, nimekiweka tumboni mwangu pia. Mje kesho mnitazame."

Wakaondoka. Mimi nilifurahi. Nilidhani tumeshinda.

Jumatano asubuhi mama aliamka mzima. Alifagia ua, akakamua ng'ombe, na ndipo nilipoona kwamba hafurahii. Kila baada ya muda aliweka mkono tumboni, kama mwanamke anayesikiliza kama mtoto amecheza. Nilimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa anaomba kwa Ekegusii, kwa sauti ndogo, na nilisimama mlangoni nikasikia.

"Bwana, nipe ugonjwa wao. Hata kidogo. Nitapike hata mara moja wanione."

Nimeomba maombi mengi katika maisha yangu, na nimesikia mengi. Sijawahi kuogopa ombi kama nilivyoogopa lile. Na Mungu, kwa hekima yake ambayo sikuielewa siku ile, hakulijibu. Tumbo la mama lilikaa kimya kama jiwe.

Walikuja, wakamtazama. Waliona mwanamke mzima, hana homa, anakamua ng'ombe. Lakini kabla ya saa sita, maneno yalikuwa yameshapinduka. Alikunywa mtungi mzima na hakudhurika, kwa sababu mwenye dawa ndiye anayejua kinga yake. Alionja kwanza Jumapili ili kuwadanganya. Wengine wakaongeza kwamba Kiptanui ni Mkipsigis, na aliyempikia ni Mkisii, na je, hilo halikuwa na maana? Nyumba zilizozoea kuomba kwetu chumvi na moto hazikutuma mtu. Upande wa Joan, tuliyekaa naye kama ndugu, uwazi uliokuwa kwenye ua wa miti kati ya nyumba zetu ulibaki mtupu. Hakuja, wala hakuita.

Nilikwenda kusaga mahindi kwa Kipkirui. Vijana walikuwa wamesimama nyuma ya kinu, hawakuniona, na mlio wa mashine uliwafanya wapaze sauti. Sikusikia sentensi nzima. Nilisikia "yule mama mzungu akikufa," kisha nikasikia "petroli." Niliacha mahindi yangu kwenye mashine nikakimbia.

"Twende kwa mjomba Onyancha," nilimwambia mama. "Twende leo, tukae Nyamira mpaka yaishe."

"Nikikimbia nimekubali," akasema. "Na wakishakubaliwa hawarudishi maneno. Nyumba watachoma hata nikiwa sipo, na wewe utaitwa mtoto wa nani?"

"Afadhali niitwe hivyo na wewe uko hai."

Mama akavaa viatu vya kanisani, akafunga kitambaa, akasema anakwenda hospitali kumwona Marijke. Kama mzee yule atakufa, alitaka awe amemshika mkono. Nilikwenda naye kwa sababu sikuweza kubaki kwenye ile nyumba peke yangu.

Marijke alikuwa amelala na chupa ya maji ya dripu juu yake. Midomo ilikuwa imepasuka, lakini alimtambua mama, akanyoosha vidole. Mama alivishika, akaanza kulia bila sauti. Aliyekuwa zamu ni daktari mmoja wa kike, Chepkosgei, mdogo kidogo kuliko mimi. Aliuliza kama ni sisi tuliopika. Mama akajibu ndiyo, ni yeye.

"Na wewe unaendelea aje, mama?"

"Mimi sina kitu," mama akasema, kama mtu anayekiri wizi.

Chepkosgei hakushangaa. Alivuta kiti akaketi. Alituuliza maji yalitoka wapi na mboga zilioshwa kwa maji gani, na alipoambiwa alitikisa kichwa polepole. Alisema tumbo la mtu hujifunza vijidudu vya mahali anapokaa, kama sikio linavyozoea kelele za kinu, na sisi tumekunywa na kula vya kilima hiki tangu utoto. Anayeshuka ndege leo, tumbo lake ni geni kama yeye mwenyewe, na wengi huanguka katika wiki ya kwanza au ya pili. Maji mabichi, mboga zilizosuuzwa kwa maji hayo, chakula kilichokaa kikapoa, msimu wa mvua, vyote vilikutana Jumapili ile. Marijke aliumia kuliko wenzake kwa sababu ya uzee, na kwa sababu kila asubuhi alimeza kidonge cha kiungulia. Kidonge kile huzima asidi ya tumbo, na asidi ndiyo askari wa kwanza anayeua vijidudu mlangoni. Yule mgeni mmoja ambaye hakuugua alikuwa hajagusa mboga wala sharubati. Alikula ugali na nyama ya moto, akanywa chai.

"Kwa hiyo yalikuwa makosa ya maji, mama. Hata ungeonja mara mia, ulimi wako haungekuambia. Wewe si kipimo chao."

Mama alisikiliza yote. Nilidhani atapumua. Badala yake alimwambia daktari maneno ambayo yalinirudisha kwenye baridi.

"Waambie wao, mwanangu. Mimi hawatanisikia."

Chepkosgei hangeweza kuacha wodi. Alimpigia Noah simu mbele yetu, akamweleza, na Noah akasikiliza kwa heshima kama kawaida yake. Niliisikia sauti yake kwenye simu ikiuliza swali moja la mwisho, na nilijua hilo ndilo lililobaki.

"Sawa, daktari. Wazungu nimeelewa. Na Kiptanui? Yeye si mgeni. Kitovu chake kimezikwa hapa. Maji hayo amelelewa nayo."

Daktari alisema kwamba mtu akikaa nje miaka mingi tumbo husahau, na akirudi kwao ni kama mgeni mwingine, tena huumia zaidi kwa sababu hajihadhari, hula kila anachopewa akidhani yuko nyumbani. Noah akasema asante. Hakusema kwamba ameamini.

Alhamisi alasiri waliingia uani. Hawakuwa wachache tena. Nyuma ya wanaume wa kanisa walikuja wale vijana wa kinuni, na mmoja alikuwa na mtungi mdogo wa plastiki wa rangi ya njano. Mpaka leo sijui ulikuwa na nini ndani. Huenda ulikuwa na maziwa ya kupeleka kwenye kituo. Macho yangu hayakutoka kwenye mtungi ule. Mvua ilikuwa inakaribia, na chai kwenye mteremko ilikuwa imekaa kimya, kijani mno, kama haituoni.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti mbele ya mlango. Alikataa kuingia ndani. Nilijua kwa nini hakutaka kuwa ndani.

Noah alisema wamekuja kumalizia jambo kwa upole. Alisema wageni ni wageni, lakini mtoto wa hapa ameugua, na hilo mama aeleze kwa kinywa chake. Nyuma yake kijana mmoja akasema, si aonje tena, na wengine wakacheka kicheko kifupi kibaya. Nilianza Zaburi ya ishirini na tatu kichwani na nikashindwa kufika kwenye bonde.

Ndipo ua ulipotikisika na Joan akapita kwenye uwazi. Alikuwa amejifunga shuka kiunoni kama mtu aliyetoka kazini. Nyuma yake, akijishika kwenye miti ya ua, alisimama Kiptanui, uso umekwisha.

"Shemasi, niulize mimi," Joan akasema.

"Mama Kiptanui, wewe umeumizwa, hatutaki kukusumbua."

"Niulize mimi nani alimharisha mtoto wangu."

Joan hakumtazama mama. Alitazama chini, na niliona kwamba anaogopa kama sisi, labda zaidi, maana alijua atakachosema, na kwamba wakishakisikia hakitafutika.

"Alianza kwangu," akasema. "Siku ya pili tangu ashuke ndege, kabla ya Jumapili, kabla ya sharubati ya mtu yeyote. Nilimpa mursik, maziwa yetu ya mgando. Nilikuwa nimemlazia kibuyu chake mwenyewe, nimekisugua kwa mkaa, nikamwambia kunywa, umekaa miaka bila maziwa ya mama. Alikunywa chote. Usiku huo alikimbia chooni mpaka asubuhi. Nilimwambia asiseme kwa mtu. Mtoto arudi nyumbani aharishwe na maziwa ya mama yake, nitaiweka wapi sura? Jumapili alikuja kula akiwa mgonjwa tayari."

Noah alimtazama Kiptanui. Kiptanui akatikisa kichwa kukubali.

"Ni kweli, shemasi. Nilidhani imeisha. Nilikula kwa sababu ya njaa ya siku zile."

"Mimi ni mama yake," Joan akasema. Sauti yake ilianza kupanda. "Mnasema aliyempikia amemroga. Basi ni mimi. Nichomeni mimi, kwangu ni pale, nyasi ni kavu ndani. Au mseme mama anaweza kumroga mtoto aliyemsubiri miaka tisa."

Joan alitembea, akaketi chini kwenye udongo kando ya kiti cha mama, akaegemea mguu wake. Mama aliweka mkono juu ya kichwa cha Joan.

Mvua ikaanza. Vijana waliokuwa nyuma ndio walioondoka kwanza, na yule wa mtungi akaondoka nao. Wanaume wa kanisa walibaki kidogo, wakinyeshewa, hawajui namna ya kuaga. Noah alivaa kofia yake, akasema, "Basi, tumesikia," akatoka. Hakuomba msamaha. Sidhani alijua kwamba kuna kitu cha kuombea msamaha. Aliuliza tu, na swali lake lilikuwa la busara, na lilikaribia kumuua mama yangu.

Marijke alipona, akarudi kwao. Chemchemi ikazungushiwa ukuta na watu wakaambiwa wachemshe. Mwaka uliofuata wote walirudi kuomba sufuria ya Mama Mongina kwenye harusi zao, naye akawapikia, na wakala. Lakini kwa miezi mingi alilala na viatu miguuni. Pikipiki ikipunguza mwendo karibu na lango, alisimama katikati ya neno alilokuwa akisema na kungoja mpaka ipite. Daktari wa moyo alituambia moyo wake ulikuwa umechoka tangu zamani. Sikumwuliza tangu lini.

Joan alikaa naye mpaka pumzi ya mwisho. Kaburini, mchungaji alimwita shemasi Noah aombe. Noah aliomba vizuri, akamshukuru Mungu kwa maisha ya dada Bilhah, aliyewalisha wengi. Watu wote waliinamisha vichwa. Mimi nilifumba macho pamoja nao, kisha nikayafumbua, nikatazama mikono ya Noah, ileile iliyoshika kofia uani kwetu, mpaka aliposema amina.